Mvua Ilitukuta Njia ya Rejaf

Nilijua kuendesha gari kwenye matope kabla sijajua kuendesha kwenye lami. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa fundi na dereva wa rali kule Uganda tulikokuwa wakimbizi. Nilipofika miaka kumi na tisa alinikalisha kiti cha pembeni nimsomee njia: kona, mteremko, daraja, ng'ombe. Mwaka uliofuata akanipa usukani. Hakunifundisha siku za jua hata mara moja. Alingoja mvua inyeshe, kisha akanipeleka kwenye kiwanja cha mpira nyuma ya gereji yake na kuniambia kwa Kiswahili chake cha Uganda, kile kisichojali ngeli, "Tairi iko kama mtumishi. Wewe napatia yeye kazi moja. Kama nafunga breki, funga breki. Kama nakata kona, kata kona. Ukiomba yeye kazi mbili, naangusha wewe."

Amani ilipokuja tulirudi Juba. Mjomba akafungua gereji mtaani Hai Mauna, mimi nikapata kazi ya udereva katika kliniki moja ndogo, nikiwapeleka wauguzi na masanduku ya chanjo vijijini. Kisha vita vikarudi. Jirani zetu wengi walifunga mizigo wakavuka mpaka tena. Sisi tulibaki. Mjomba alisema hawezi kuwa mkimbizi mara ya pili akiwa na winchi ya kunyanyulia injini mgongoni.

Katika miaka ile, gari lililosikika likikimbia mjini liliwafanya watu walale chini kwanza na kuuliza baadaye. Gari la mwendo kasi lilikuwa la anayekimbizwa au la anayekimbiza, hapakuwa na la tatu. Kwa hiyo habari zilipoenea kwamba kuna mzee wa mtaa wa Kator anaandaa mbio za magari, wengi walidhani ni utani.

Haukuwa utani. Mzee huyo alikuwa akiuza matairi na betri katika duka moja karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Teresia, na yeye pia alikuwa ametoka Uganda kama sisi. Mapigano yalikuwa yametulia kwa miezi kadhaa. Alitaka, alisema, watu wa mji huu washangilie kitu kimoja pamoja, hata kama kitu chenyewe ni vumbi tu. Aliwaendea wakubwa wa wanajeshi, mmoja baada ya mwingine, akawaomba vizuizi vya barabarani vijue siku na saa, asije askari akaona gari linakuja mbio akafyatua. Wakakubali. Njia ingekuwa ile ya udongo inayotoka Kator hadi kijiji cha Rejaf kando ya mto, kwenda na kurudi, na zawadi ingekuwa matairi manne mapya kutoka dukani kwake.

Tatizo lilikuwa tarehe. Aliweka Jumamosi moja ya mwezi wa nane, katikati ya mvua. Nilipomuuliza kwa nini asingoje kiangazi, alinitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma.

"Binti yangu," akasema, "wewe unajua kiangazi tutakuwa wapi?"

Nikajiandikisha.

Tulikuwa madereva sita. Magari yote yalikuwa yametoka Uganda, usukani kulia, katika nchi inayoendesha upande wa kulia, kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa amezoea kuchungulia asichokiona. Gari langu lilikuwa dogo na kuukuu, nililopewa na mjomba, na vifaa vyake vya kielektroniki vilikuwa vimekufa zamani. Taa ya ABS, ile ya breki zisizokwama, iliwaka kwenye dashibodi mchana kutwa na tulikuwa tumeiziba kwa kipande cha plasta kutoka kliniki. Gari jipya kuliko yote lilikuwa jeupe, la kijana mmoja aliyekuwa dereva wa wageni wakubwa wakubwa. Lake lilikuwa na kila kitu: breki zisizokwama, kompyuta ya kuzuia matairi yasizunguke bure, na nyingine ya kulinyoosha gari likianza kwenda ubavu. Wale wanne wengine walinung'unika kwamba wanashindana na kompyuta, si na mtu.

Ndipo mzee wa matairi akatoa kanuni yake. Kila gari lingeng'olewa fyuzi ya vifaa hivyo asubuhi ya mbio, mbele ya mashahidi, na fyuzi zingewekwa kwenye kikombe mezani kwake hadi mwisho. "Mbio ni mikono na miguu ya mtu," akasema. Watu wakapiga makofi.

Kanuni hiyo ilinifaa mimi kuliko mtu yeyote. Gari langu lisingepoteza chochote, na nilikuwa nimelelewa bila vitu hivyo. Kama ningetaka kushinda tu, ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimeziona barabara zile kwa miaka na gari la kliniki, nikajua udongo ule mwekundu unavyogeuka sabuni baada ya robo saa ya mvua. Na nilijua jambo moja ambalo wenzangu hawakulijua: mguu uliozoea ABS hukandamiza breki hadi chini na kungoja msaada. Ukiondoa fyuzi, mguu unabaki na tabia ile ile, ila msaada hauji.

Nililisema hilo gerejini Hai Mauna, Jumapili, madereva wote wakiwa wameketi kwenye matairi na makopo ya rangi baada ya kutoka kanisani. Nikasema sipingi kung'oa fyuzi. Ninachotaka ni kanuni ya mvua.

Dereva wa gari jeupe alicheka. "Dada yangu, kama unaogopa mvua, nunua mwavuli."

"Siogopi mvua," nikamwambia. "Naogopa mguu wako."

Wengine wakacheka sasa, na yeye akakunja uso. "Kanuni inakufaa wewe peke yako, halafu wewe ndiye unalalamika. Kuna nini hapo?"

"Kuna watu watakaosimama kando ya barabara. Wewe ukikosa kona, hutanigonga mimi. Utawagonga wao."

Mjomba, aliyekuwa chini ya gari muda wote huo, alitoa kichwa. "Mnabishana nini? Mvua iko nakuja kesho au keshokutwa. Endeni mjaribu."

Mvua ilikuja Jumanne, saa tisa mchana. Tulikutana nje ya Kator, mahali njia inaponyooka kabla ya mashamba. Tulikuwa tumewaarifu askari wa kizuizi, nao walitoka na makoti yao ya mvua kuja kutazama. Nikapanga mitungi mitupu ya maji kumi na miwili kuvuka barabara. Masharti yalikuwa mepesi: uje kwa mwendo wa wastani, na ukifika kwenye kijiti nilichochomeka ufunge breki. Tutaona nani anasimama kabla ya mitungi.

Gari jeupe lilikuja kwanza na fyuzi yake. Breki zikatetemeka ngr-ngr-ngr kama zinavyofanya, likasimama hatua sita kabla ya mitungi, limenyooka kama rula. Dereva akateremka, akainamisha kichwa kama mtu anayeshangiliwa. Kisha akang'oa fyuzi mwenyewe, akarudi nyuma, akaja tena kwa mwendo ule ule.

Niliona matairi ya mbele yakiacha kuzunguka. Gari halikupunguza mwendo hata kidogo, liliteleza tu juu ya udongo kama kipande cha samli kwenye kikaango. Usukani ulikuwa umekatwa hadi mwisho na gari halikuwa na habari. Likapita mitungi yote, likairusha hewani, likageuka kinyumenyume, likaingia shamba la mahindi na kusimama katikati ya mistari.

Hakuumia. Alikuwa bado ameshika usukani tulipofika mbio, macho yametoka. Lakini kabla hajafungua mlango, mwenye shamba alifika. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, jembe begani, khanga imemgandama kwa mvua. Akatutazama sote sita kwa zamu.

"Mahindi hii," akasema, "mimi nalimia kwa mkono. Wanajeshi wa upande hii wamepita, wanajeshi wa upande ile wamepita, hakuna mtu moja ameikanyaga. Leo nyinyi, na gari ya starehe?"

"Malesh, mama," dereva wa gari jeupe akasema, akiomba radhi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Malesh haioti," mama akamjibu, akamkabidhi jembe.

Tulipanda upya mistari mitatu jioni ile, sote sita, tumeloa hadi mifupani, huku askari wa kizuizi wakituelekeza kutoka barabarani namna ya kushika jembe. Yule kijana alikuwa akifukua karibu nami. Tulipofika mstari wa tatu alisema, bila kuinua uso, "Nilikanyaga hadi chini. Nilikuwa nangoja ile kitu itetemeke."

"Najua."

"Haikutetemeka."

"Najua."

"Nifundishe," akasema.

Nikamfundisha, yeye na wengine. Siku tano zilizofuata, mvua ikinyesha tu, tulikuwa kwenye kipande kile cha barabara. Niliwafundisha kukanyaga breki na kuachia, kukanyaga na kuachia, wakisikiliza tairi kupitia kiti badala ya kutazama dashibodi. Niliwafundisha kufunga breki kabla ya kona na si ndani yake, na kugeuza usukani kule mkia unakokwenda. Walikuwa madereva wazuri. Mtu anayeendesha Juba miaka ya vita hawezi kuwa dereva mbaya, maana wabaya hawakudumu. Walikosa tu mtu wa kuwaambia kwamba kifaa walichokiamini kilikuwa kimewafanyia kazi ya mguu kwa miaka mingi.

Lakini kujua kuendesha kwenye mvua hakukutosha, na hilo tulikubaliana sote. Tukaandika kanuni yetu kwenye karatasi moja na kwenda nayo Kator kwa mzee wa matairi. Mvua ikianza, dereva yeyote atakayehisi gari limepoteza njia anawasha taa za hatari, zile zinazomemeta pande zote mbili. Kila dereva atakayeziona anawasha zake, anapunguza mwendo, anasimama. Mbio zinaishia hapo. Na watazamaji wasikae upande wa nje wa kona yoyote.

Mzee alisoma, akaikunja karatasi. "Watazamaji nitawahamisha, hiyo ni haki. Lakini kusimamisha mbio ni kazi yangu, mimi mwandaaji. Nimealika wageni. Mabango yameshachorwa. Mvua ni ya Mungu."

"Mvua ni ya Mungu, baba," nikamwambia, "lakini breki ni zetu. Wewe utakuwa umeketi Kator chini ya turubai. Utajuaje hali ya barabara ya Rejaf?"

"Na mtu akiwasha taa kwa hila? Ameachwa nyuma, anaona atashindwa, anawasha."

Hilo lilikuwa swali zuri na hatukuwa tumelifikiria. Aliyejibu alikuwa dereva wa gari jeupe.

"Mzee, atakayefanya hivyo tutamjua. Sisi ni sita. Juba ni ndogo."

"Na mimi nikikataa?"

"Basi utakuwa na mabango," nikasema. "Magari hutakuwa nayo."

Alinikazia macho kwa muda. Nilikuwa nimemwita baba na bado nilikuwa nimemfungia njia, na katika mji wetu mambo hayo mawili hayakai vizuri pamoja. Nikaona taya yake ikicheza. Kisha akaifungua tena karatasi, akaiweka juu ya tairi lililolala, akatia sahihi.

"Mjomba wako amekulea vibaya," akasema. Lakini alikuwa akitabasamu.

Jumamosi ya mbio, ya wiki iliyofuata, iliamka na jua, siku ya tatu mfululizo bila mvua. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona mjini tangu vita virudi, tena wamechanganyika, wa lugha hii na lugha ile, akina mama na vikapu vya karanga, watoto wamevaa nguo za kanisani. Padri mmoja alikuja akabariki magari kwa maji. Fyuzi zikang'olewa, zikatumbukizwa kwenye kikombe cha chai mbele ya watu. Kwangu mzee aling'oa hata ile iliyokufa, kwa ajili ya haki.

Msomaji wangu wa njia alikuwa muuguzi wa kliniki, rafiki yangu, mwanamke asiyepandisha sauti hata wodi nzima ikilia. Alikaa kushoto kwangu na daftari mapajani. Tuliachiwa mmoja mmoja, dakika moja kati ya gari na gari. Gari jeupe lilitoka la kwanza, mimi wa pili.

Sijui nieleze vipi furaha ya dakika zile. Kwa miaka nilikuwa nimeendesha kwa kujificha, polepole, dirisha wazi ili nisikie risasi, mikono juu ya usukani ili askari waione. Siku ile niliendesha kwa sauti. Watu waliotuona tukija walisimama wima, wakapunga mikono. Muuguzi alisoma, "Kulia, inafunga. Kushoto, wazi. Kalvati, nyembamba," nami nikafanya kila kitu kwa wakati wake. Tulipokaribia kilima cha Rejaf nililiona vumbi la gari jeupe. Tulipogeuza kwenye pipa lililowekwa kando ya mto, lilikuwa hatua mia mbele yangu. Likapanua kona moja kupita kiasi, nami nikapita kwa ndani. Nilikuwa wa kwanza, wale wanne walikuwa wameshapishana nasi wakienda kugeuza, na njia ya kurudi Kator ilikuwa wazi mbele yangu.

Mvua ilitokea ng'ambo ya mto. Niliiona ikija juu ya maji kama shuka ya kijivu, na kabla muuguzi hajamaliza kusema "mvua", ilikuwa imetugonga. Waipa moja ilifanya kazi, nyingine ilitikisika tu. Nilipunguza kidogo. Gari lilikuwa bado linanisikia. Nilikuwa na uhakika kabisa.

"Taa," muuguzi akasema.

Nikatazama kioo. Gari jeupe lilikuwa nyuma yangu, na taa zake za hatari zilikuwa zinamemeta.

Hapa lazima niseme ukweli, kwa kuwa nilishausema siku ile ile. Mimi ndiye niliyeiandika kanuni hiyo. Mwandiko kwenye karatasi ulikuwa wangu. Na nilipoziona taa zile, wazo la kwanza lililonijia lilikuwa: anadanganya. Ameachwa, anataka mbio zifutwe. La pili lilikuwa: yeye ndiye amepoteza njia, si mimi. Mimi naiweza mvua hii.

"Umeona?" muuguzi akauliza.

"Nimeona."

"Basi?"

Nilipita kona nzima baada ya taa zile, kona ndefu ya kushoto kati ya vichaka, na katikati yake mkia wa gari ulinitoka. Nikaushika. Ukanitoka tena upande wa pili, nikaushika tena, na wakati huo niliwasha taa zangu na kuanza kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia.

Mbele yetu, mwisho wa kona, kulikuwa na khori, kijito kinachokauka kiangazi na kujaa kwa dakika chache mvua ikinyesha. Tulikuwa tumekipita wakati wa kwenda bila hata kulowesha tairi. Sasa kilikuwa kimejaa maji mekundu ya mvua iliyokwisha kunyesha vilimani, yanayokwenda kwa nguvu, na watazamaji waliokuwa ng'ambo walikuwa wanavuka kuja upande wetu, kwenye makazi yao, wakati bado kunavukika, ishirini au thelathini, wameshikana mikono, watoto mabegani. Walikuwa katikati ya barabara. Hawakuwa na mahali pengine pa kuwa.

Gari lilisimama. Lilisimama ubavu, mkia kwenye mtaro, mlango wa muuguzi ukiwatazama wale watu. Nilihesabu baadaye, kwa miguu yangu: hatua kumi na tisa. Mzee mmoja aliyebeba mtoto alinipungia mkono, akidhani nimesimama hapo kuwazuia wenye magari kwa ajili yao.

Gari jeupe lilifika nyuma yetu taratibu, likasimama. Kisha la tatu, la nne, yote yakiwasha taa. Dereva wa gari jeupe akateremka, akaja kwenye dirisha langu, maji yakimtiririka usoni. Akatazama khori, akatazama watu, akanitazama mimi.

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Kabla ya kona?"

"Kabla ya kona," nikasema.

Ningependelea angenitukana. Alikwenda akamshika mkono mama mmoja aliyekuwa akiteleza ukingoni, nasi tukateremka, muuguzi na mimi na wengine wote, tukashika kamba ya kuvutia gari kuvuka maji na kuwavusha waliobaki. Tulifanya hivyo karibu nusu saa. Khori iliongezeka hadi kiunoni, kisha watu wakaisha.

Mzee wa matairi alifika upande wa pili wa maji, ndani ya gari la mgeni wa heshima, hasira imemjaa. Tulimsikia akipiga kelele kabla hatujamwona vizuri. Halafu akayaona maji, akaona na magari yetu sita yamepangwa ng'ambo na taa zinamemeta mvuani. Akavua kofia yake, sijui kwa nini, akasimama nayo mkononi.

Tulikutana tena gerejini jioni, maji yalipokwisha kupungua, kabla giza halijaingia, maana amri ya kutotembea usiku haikuwa na habari na mbio zetu. Nilisimama nikawaambia wote nilichofanya. Sikukipamba. Nikasema kanuni haikuweka adhabu kwa anayepita taa, na kwamba iwekwe sasa, ianze na mimi.

"Khalas, yamekwisha," mmoja wa wale madereva akasema. "Hakuna aliyeumia."

"Hayajaisha," mjomba akasema. Alikuwa amesimama mlangoni akijipangusa mafuta mikononi. "Yeye iko dereva mzuri kuliko nyinyi yote. Ndiyo sababu iko hatari."

Maneno hayo yaliniuma, na yalikuwa ya kweli, na nilijua wakati ule ule kwamba ningeyabeba bila kuinama. Sikuwahi kuacha kuiamini mikono yangu. Niliacha kuiamini peke yake. Waliamua nisishiriki mbio zitakazofuata, zozote zile, mara hiyo moja tu. Nikapiga kura ya ndiyo pamoja nao.

Matairi manne mzee aliyapeleka kliniki bila kutuuliza. Muuguzi aliyapokea na kutia sahihi, nami nikayafunga kwenye gari la chanjo kwa mkono wangu.

Mbio zilizofuata zilichelewa sana. Mapigano yaliingia mjini kwenyewe, mabaya kuliko yale ya mwanzo, na kwa siku kadhaa tulilala chini ya magari gerejini. Wawili kati ya wale sita walihamia Uganda na familia zao na hawajarudi. Mzee wa matairi alifunga duka, akalifungua, akalifunga tena. Kliniki ilinipa madereva wapya niwafundishe, na kila mmoja nilimpeleka nje ya Kator mvua ikinyesha, nikapanga mitungi. Yule mama wa mahindi alizoea kutuona. Alikuwa akitoka na kiti chake, anakaa barazani, anatoa maksi kwa sauti.

Hatimaye utulivu mwingine ukaja, na mzee akapaka rangi mabango upya. Mbio za kwanza baada ya hapo nilizitazama nikiwa nimesimama upande wa ndani wa kona, na kibendera mkononi, nikitumikia adhabu yangu. Za pili nilishiriki. Ilikuwa Januari, udongo mkavu kama mkate wa juzi, na hakukuwa na wingu hata moja kutoka Kator hadi Rejaf. Wakati huo tulikuwa magari tisa. Fyuzi ziling'olewa, karatasi yetu ikasomwa kwa sauti, na safari hii mimi na dereva wa gari jeupe tukaachiwa pamoja.

Alinitangulia kona ya kwanza, nami nikamfukuza njia nzima. Nilikula vumbi lake kwenda na nikalila kurudi, na kwenye mstari wa mwisho alinizidi kwa urefu wa magari mawili. Alipoteremka nilikuwa nimeshafika mlangoni kwake, nyusi zangu nyekundu, meno yangu yana mchanga.

"Umefundishwa na nani wewe?" nikamuuliza.

"Na mwanamke mmoja wa Hai Mauna," akasema. "Sasa hivi amezeeka kidogo."

Nikamwambia mwaka ujao ataniona kwenye kioo kwanza, halafu hataniona kabisa kwa kuwa nitakuwa mbele. Akaniambia nilete mwavuli.